Vifaru 300 vya mwaka 1942 na vifaru 31 vya mwaka 2023

Mwaka wa 2014, katika viwanda vya mji wa Kharkiv, mashariki mwa Ukraine, kulikuwa na vifaru vilivyokuwa vikikarabatiwa kwa ajili ya jeshi la Kongo. Vilikuwa vya aina ya T-64, vifaru vya zamani za Wasovieti vilivyofanyiwa matengenezo na kuongezewa kinga. Kinshasa ilikuwa imeviagiza. Kabla mzigo haujaondoka, vita vikalipuka Donbas, na Ukraine ikajikuta haina vifaru vya kutosha kwa vita vyake yenyewe. Baadhi ya vile vilivyotayarishwa kwa Kongo vikapelekwa kwa walinzi wa taifa wa Ukraine, huko huko Donbas. Kongo ikabaki inangoja.

Wachache hapa kwetu waliisikia habari hiyo. Lakini inafaa kuikumbuka, kwa sababu miaka minane baadaye mwuzaji aligeuka kuwa mwombaji. Kharkiv ndio mji ambamo kifaru cha T-34, kile kilichopigana na Wajerumani katika vita vikuu vya pili, kilibuniwa. Ukraine ilikuwa nchi ya kuuza vifaru. Tarehe 24 mwezi wa pili 2022 jeshi la Urusi lilipovuka mpaka kutoka pande tatu, nchi hiyo ilianza kuhesabu vifaru vyake vilivyoungua na kutazama kwa marafiki.

Tarehe 24 mwezi wa tatu, mwezi mmoja kamili tangu mashambulizi yaanze, Rais Zelensky alizungumza kwa njia ya video na viongozi wa nchi za NATO. Aliwaambia kwamba wote pamoja wana vifaru visivyopungua 20,000, na kwamba Ukraine inaomba asilimia moja tu. Asilimia moja ya 20,000 ni vifaru 200. Tangu siku hiyo hadi Marekani na Ujerumani zilipotamka neno "ndiyo" zilipita siku 307.

Mambo mengi ya vita vya Ukraine yameelezwa kwa majina ya silaha, uzito wake na bei yake. Siku hizo 307 zinaeleza zaidi kuliko bei. Ili kuzipima vizuri, inabidi kurudi nyuma kidogo, kwenye vita ambamo babu zetu pia walikuwamo.

Siku ya Tobruk

Asubuhi ya tarehe 21 mwezi wa sita mwaka 1942, Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, alikuwa Washington, ndani ya ofisi ya Rais Roosevelt. Kikaletwa kikaratasi. Roosevelt alikisoma, akampa mgeni wake bila kusema kitu. Ngome ya Tobruk, nchini Libya, ilikuwa imeanguka mikononi mwa Jenerali Rommel wa Ujerumani. Askari karibu 33,000 wa upande wa Waingereza, wakiwemo Waafrika Kusini wengi, walikuwa wametekwa. Njia ya kwenda Misri na mfereji wa Suez ilikuwa wazi.

Roosevelt aliuliza afanye nini kusaidia. Churchill aliomba vifaru vya Sherman, vingi iwezekanavyo, haraka iwezekanavyo.

Sherman ndicho kilikuwa kifaru kipya kabisa cha Marekani. Kilikuwa kimeanza tu kutoka viwandani, na vikosi vya vifaru vya Wamarekani wenyewe ndivyo vilikuwa vimepewa. Mkuu wa jeshi, Jenerali Marshall, aliona ni jambo zito kumnyang'anya askari silaha ambayo ndiyo kwanza ameishika. Hata hivyo alikubali. Vifaru 300 vikaondolewa mikononi mwa Wamarekani, na pamoja navyo mizinga 100 ya kujiendesha, vikapakiwa kwenye meli za mwendo wa kasi. Hakukuwa na kikao cha nchi kumi na mbili, wala barua za kuombana ruhusa. Sheria ya kuazima silaha kwa washirika ilikuwa imeshapitishwa na bunge la Marekani mwaka uliotangulia.

Bahari ya Mediterania ilikuwa ya hatari, kwa hiyo meli zilizunguka Afrika nzima: zikashuka Atlantiki, zikapita Rasi ya Tumaini Jema, zikapanda upande wa Bahari ya Hindi hadi Suez. Ni safari ya zaidi ya kilomita elfu 20. Njiani nyambizi ya Wajerumani ilizamisha meli moja. Marshall hakungoja kuombwa tena. Alituma meli nyingine yenye vifaru vya kufidia.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa Sherman za kwanza ziliteremshwa Suez. Tarehe 23 mwezi wa kumi, usiku, mapigano ya El Alamein yalianza, na jeshi la Jenerali Montgomery lilikuwa na Sherman zaidi ya 250 tayari kwa kazi. Tangu kile kikaratasi cha Tobruk zilikuwa zimepita siku 124. Siku kumi na mbili baada ya hapo Rommel alikuwa anarudi nyuma.

Kuna jambo dogo ambalo vitabu hulipita haraka. Waingereza huko Misri hawakuanza kujifunza Sherman kutoka sifuri. Tangu mwezi wa tano walikuwa wakitumia kifaru kingine cha Marekani, walichokiita Grant, na Sherman ilijengwa juu ya mwili wa ndugu yake huyo. Fundi aliyejua cha kwanza hakupotea kwenye cha pili.

Kongo nayo haikuwa mbali na hayo. Mwaka mmoja kabla, mwezi wa saba 1941, askari wa Force Publique walikuwa wamepokea silaha za Waitaliano huko Saio, Ethiopia, baada ya kutembea na kubeba mizigo katika nchi ambayo magari hayakuweza kupita. Baadaye kikosi cha Wakongo kilipelekwa Nigeria, kisha Misri na Palestina. Hao hawakupewa Sherman. Walipewa bunduki, na kazi ya kulinda maghala.

Chui ndani ya kifaru

Turudi Ukraine. Si kweli kwamba marafiki walikaa kimya siku zote 307. Poland peke yake ilitoa vifaru zaidi ya 200 vya aina ya T-72 katika miezi ya mwanzo, na Jamhuri ya Cheki ikatoa vya kwake. Hivyo vilikuwa vya mtindo wa Kisovieti. Askari wa Ukraine aliviingia leo na kuviendesha leo. Lakini akiba ya vifaru vya namna hiyo huko Ulaya ina mwisho, na makombora yake yalizidi kuwa adimu.

Kilichobaki ni vifaru vya Magharibi, na kati yake kimoja kilitajwa kuliko vyote: Leopard 2 cha Ujerumani. Leopard maana yake ni chui. Kwa Kiswahili mambo yanachekesha kidogo, maana ni chui aliyeingia ndani ya kifaru. Na kwa Mkongo aliyekua enzi za Zaire, ukitaja chui yeye huona kofia ya Mobutu. Huko Ulaya nako lilikuwa jambo la mzaha wenye uchungu: watu walivaa nguo za madoadoa ya chui na kudai chui waachiliwe.

Sababu ya kudai hivyo ni hii. Leopard 2 ilikuwa katika maghala ya zaidi ya nchi kumi za Ulaya, kwa hiyo vipuri na mafundi walikuwa karibu na Ukraine. Lakini nchi iliyonunua Leopard haiwezi kumpa mwingine bila ruhusa ya Ujerumani. Ndivyo mikataba ilivyoandikwa. Poland na Finland zilitaka kutoa, ila funguo ya mlango ilikuwa Berlin.

Kansela Olaf Scholz alisita. Aliogopa vita kupanuka, na aliogopa nchi yake isionekane peke yake mbele ya Urusi. Kulikuwa pia na kumbukumbu ambayo Wajerumani wengi hawakuitamka kwa sauti: mara ya mwisho vifaru vya Ujerumani kupita katika mashamba ya Ukraine ilikuwa chini ya Hitler, na mamilioni walikufa. Scholz alitaka Marekani itoe vifaru vyake pia. Marekani nayo ilisema kifaru chake, Abrams, ni kizito mno na kina kiu mno. Kila mmoja akawa anamtazama mwenzake.

Majenerali wa Ukraine hawakuwa na nafasi ya kutazamana. Mwezi wa kumi na mbili 2022 kamanda mkuu, Jenerali Valerii Zaluzhnyi, alitaja hadharani idadi aliyoihitaji ili kusukuma adui: vifaru 300, magari ya kivita 600 hadi 700, mizinga 500. Idadi ya vifaru ni ile ile ya mwaka 1942. Hakuna ushahidi kwamba alikuwa anafikiria Tobruk. Ni idadi ambayo jeshi linalotaka kuvunja ukuta huifikia kwa hesabu.

Uingereza ndiyo ilitangulia. Tarehe 14 mwezi wa kwanza 2023 ilitangaza kutoa Challenger 2, vifaru 14. Kwa vita vya mstari wa mbele wenye urefu wa kilomita zaidi ya elfu moja, 14 ni vichache sana, na Waingereza walilijua hilo. Lengo lao lilikuwa kuuvunja woga wa wengine. Tarehe 20 mawaziri wa ulinzi walikutana Ramstein, Ujerumani, wakaachana bila jibu. Siku tano baadaye jibu likaja kutoka pande mbili kwa mara moja: Ujerumani itatoa Leopard 14 na kuwaruhusu wengine, Marekani itatoa Abrams 31. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Zelensky. Alikuwa anatimiza miaka 45.

Kwa nini 31? Ndiyo idadi ya kikosi kimoja cha vifaru katika jeshi la Ukraine. Kikosi kimoja tu.

Kifaru hakiji peke yake

Mtu anayesikia redioni kwamba nchi fulani imetoa vifaru anaweza kufikiri kwamba kesho vitaonekana barabarani. Familia ambazo zimewahi kukaa kambini zinajua tofauti ya lori la chakula lililotangazwa na lori lililofika. Kwa vifaru tofauti hiyo ni kubwa zaidi.

T-72 kina uzito wa tani arobaini na kitu. Hivi vya Magharibi vina tani 55 hadi zaidi ya 60. Daraja lililojengwa kwa ajili ya cha kwanza linaweza kuvunjika chini ya cha pili. Ndani ya T-72 mnakaa watatu, maana mashine ndiyo hupakia kombora. Ndani ya Leopard, Challenger na Abrams mnakaa wanne, na wa nne kazi yake ni kupakia kwa mikono. Mzinga wa Challenger haukubali makombora ya Leopard. Injini ya Abrams ni ya aina ya injini za ndege, yenye nguvu farasi 1,500, na inakunywa zaidi ya lita 400 za mafuta kwa kilomita 100. Nyuma ya kila kifaru lazima pawe na lori la mafuta, gari la kuvuta kilichokwama, fundi, sanduku la vipuri. Leopard zilizoharibika zilibebwa hadi Poland na Lithuania kutengenezwa, kisha zikarudishwa tena umbali huo huo.

Wapiganaji walipelekwa Munster, Ujerumani, kujifunza Leopard, na Uingereza kujifunza Challenger. Wengi wao walitoka moja kwa moja mstari wa mbele, na walijifunza kwa majuma machache yale ambayo askari wa Ulaya hujifunza kwa miezi. Waalimu walisifu bidii yao. Bidii ilikuwepo, lakini kuendesha kifaru kimoja ni jambo moja, na kuendesha vifaru 30 pamoja na askari wa miguu, mizinga na wategua mabomu ni jambo lingine, ambalo majuma machache hayatoshi.

Baada ya "ndiyo" kutamkwa, mambo yalikwenda haraka, na haki itendeke kulisema. Leopard nne za kwanza kutoka Poland zilifika tarehe 24 mwezi wa pili, mwaka mmoja kamili tangu uvamizi. Tarehe 27 mwezi wa tatu Ujerumani ilitangaza kwamba Leopard zake 18, nne zaidi ya ahadi, zimeshakabidhiwa. Hizo ni siku 61 tangu uamuzi. Kwa kipimo hicho Wajerumani waliwapita hata Wamarekani wa 1942. Ureno, Kanada, Norway, Uhispania na Sweden zikaleta zao, tatu hapa, nane pale, kumi pale. Kwa hiyo usafiri haukuwa ndio tatizo kubwa, wala viwanda. Muda mwingi ulipotea mezani.

Na muda huo kuna mwingine aliyeutumia. Tangu mwezi wa kumi na moja 2022, baada ya kupoteza mji wa Kherson, jeshi la Urusi lilichimba. Katika mkoa wa Zaporizhzhia lilichimba mahandaki safu baada ya safu, likapanga meno ya zege ya kuzuia vifaru, na kutega mabomu ardhini kwa wingi ambao wategua mabomu walisema hawajawahi kuuona. Mji wa Tokmak ulizungukwa na handaki pande zote kama kisiwa. Kila juma la majadiliano Berlin na Washington lilikuwa juma la koleo na zege huko Tokmak.

Barabara ya Orikhiv

Mwanzoni mwa mwezi wa sita 2023 Ukraine ilianza kusukuma. Njia kuu ilikuwa kutoka mji mdogo wa Orikhiv kwenda kusini: kijiji cha Robotyne, kisha Tokmak, kisha Melitopol, na mbele yake bahari. Kutoka Orikhiv hadi Tokmak ni kama kilomita 35 kwa mstari ulionyooka. Mtu wa Goma afikirie njia ya Sake na kuipita kidogo.

Maelfu ya watu wa Tokmak, Melitopol na vijiji vya kati walikuwa wamekimbilia mji wa Zaporizhzhia, upande ulioshikwa na serikali yao. Katika Ukraine nzima waliohama makwao bila kutoka nje ya nchi walikuwa zaidi ya milioni 5. Wenyeji wa Orikhiv waliobaki walikuwa sehemu ndogo ya waliokuwepo kabla. Waliishi katika vyumba vya chini ya ardhi na kutoka nje mizinga ikinyamaza. Watu hao walikuwa wamesikia majina ya Leopard na Abrams kwa miezi. Kwao Leopard ilimaanisha nyumba iliyoko upande wa pili wa uwanja.

Tarehe 8 mwezi wa sita msafara wa Leopard na magari ya kivita ya Kimarekani ya Bradley uliingia katika uwanja wa mabomu karibu na kijiji cha Mala Tokmachka. Gari la mbele likakwama, la nyuma likajaribu kulipita likalipuka, na mengine yakajikusanya pamoja. Helikopta za Urusi zikapiga kutoka mbali, mahali ambapo silaha za Ukraine hazikufika. Picha za magari hayo yaliyolundikana zilizunguka dunia siku iliyofuata, na Moscow ilizitumia kusherehekea.

Picha hizo hazikuonyesha jambo moja: wengi wa waliokuwa ndani walitoka hai. Katika T-72 makombora yamepangwa chini ya miguu ya askari, na kifaru kikipigwa vibaya kichwa chake hurushwa juu na wote ndani hufa. Leopard na Bradley zilipigwa, zikasimama, na milango ikafunguka. Kwa mama wa askari huo ndio msaada ulio mkubwa kuliko kilomita.

Baada ya hapo Ukraine iliacha kusukuma kwa misafara. Vikundi vidogo vya askari wa miguu vilitambaa kati ya miti, usiku, wakitegua bomu moja moja. Robotyne ilichukuliwa mwishoni mwa mwezi wa nane. Ni kilomita kama 14 kutoka Orikhiv, na ilichukua karibu miezi mitatu. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa Challenger ya kwanza iliungua karibu na hapo.

Na Abrams? Mwanzoni Marekani ilipanga kuzitafuta mpya, jambo ambalo lingechukua zaidi ya mwaka. Mwezi wa tatu ikabadili mpango na kuamua kukarabati za zamani ili zifike mapema. Za kwanza zilifika tarehe 25 mwezi wa tisa 2023, siku 243 tangu tangazo. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia na mashambulizi ya Orikhiv yalikuwa yamekwisha nguvu. Vifaru vilivyoombwa kwa ajili ya kuvunja ukuta vilifika wakati waliokuwa wakiuvunja wameshachoka.

Havikutumika kusini. Majira ya baridi yaliyofuata vilipelekwa upande wa Avdiivka, Donbas, ambako Ukraine ilikuwa inarudi nyuma. Avdiivka ilianguka katikati ya mwezi wa pili 2024, na kabla mwezi huo haujaisha Abrams ya kwanza ilikuwa imepigwa. Wakati huo vita vilikuwa vimebadilika tena: angani kulijaa droni ndogo zenye thamani ya dola mia chache, zinazoongozwa na kijana aliyevaa miwani ya video kilomita kadhaa nyuma, zikitafuta sehemu nyembamba juu ya kifaru cha mamilioni ya dola. Mwezi wa nne maofisa wa Marekani walisema Abrams zimerudishwa nyuma kwa muda, hadi ipatikane njia ya kuzitumia. Mafundi wa Ukraine wakaanza kuzichomelea vizimba vya vyuma juu, kama wanavyofanya kwa vifaru vyao vya Kisovieti.

Mwaka wa 2024 Australia ilitangaza kutoa Abrams 49 ambazo jeshi lake lilikuwa linaziacha. Sehemu ya kwanza ilikabidhiwa Ukraine mwezi wa saba 2025. Idadi hiyo inapita ile ya Marekani yenyewe.

Tokmak bado iko upande wa pili. Robotyne, ile ya kilomita 14, ilirudi mikononi mwa Warusi mwaka 2024. Hakuna nyumba iliyobaki na paa. Watu wa kijiji hicho walioko Zaporizhzhia na kwingineko wanaandikishwa bado kama wahamaji wa ndani, kwa anwani za mitaa ambayo haipo tena.